Jinsi ya kuwafundisha washauri nasaha kuhudumia wateja watu wazima wenye kinki: mwongozo kamili

Kabla hujafungua kompyuta kuandaa slaidi, jiulize kitu kimoja: mteja akisema "mimi napenda kufungwa kamba", uso wa mshauri wako unafanya nini sekunde mbili za mwanzo? Kazi nyingi iko hapo. Mteja anausoma uso kuliko maneno, akiona nyusi zimepanda au kale katabasamu ka "usijali mimi sihukumu" kamekuja haraka mno, anaifunga mada na haifungui tena, pengine harudi kabisa.

Mara ya kwanza naendesha haya mafunzo nilikosea vibaya. Nilianza na istilahi, slaidi kama arobaini hivi, kufika ya sita huko nyuma watu wanacheka chinichini, dada mmoja anaandika kila neno kama anajiandaa na mtihani, na jamaa mwingine alitoka kupokea simu hakuonekana mpaka baada ya mapumziko. Jioni walikuwa wanajua maneno mapya thelathini na hakuna hata mmoja ambaye ningemkabidhi mteja. Tangu hapo nimegeuza mpangilio, tunaanza na mshangao wa mshauri mwenyewe, kamusi inakuja nyuma.

Humu nikisema kinki naongelea mapenzi na mahusiano ya watu wazima waliokubaliana yaliyo nje ya yale yaliyozoeleka: kufungana, mmoja kutoa amri na mwingine kutii, maumivu ya hiari, feitishi (mtu kusisimkwa na kitu chenyewe) ya ngozi au viatu, maigizo ya nafasi. Kwa wengine ni kitu cha siku mojamoja, kwa wengine ni sehemu ya wao ni nani, wamejijua hivo tangu ujana na hata wakiwa hawana mpenzi bado wako hivo. Watoto hawamo. Wasioridhia hawamo. Hili liseme dakika ya kwanza kabisa na kwa sauti, maana kuna mtu darasani ameshaanza kulifikiria na hatasikia kingine mpaka umtoe huko.

Hatua ya 1: Panga darasa

Watu wasizidi 12, siku mbili zilizoachana kama wiki mbili ili wapate muda wa kuchachuka katikati. Sheria ya kwanza ni kwamba hakuna anayetakiwa kueleza ya chumbani kwake, na yule anayetaka sana kueleza naye mpunguze taratibu, kwa sababu mmoja akifunguka wengine wanajiona wanadaiwa. Sheria ya pili, hakuna visa vya wateja halisi vinavyotambulika. Basi, mbili zinatosha, ukiweka kumi hazisomwi.

Hatua ya 2: Zoezi la karatasi

Gawa karatasi. Waambie utasoma sentensi chache polepole na baada ya kila moja waandike kilichotokea mwilini, sio maoni yao. Tumbo limekaza, nimetaka kucheka, nimesisimka, nimemkumbuka mtu fulani, sijahisi kitu. Halafu soma, ukiacha kimya kati ya moja na nyingine:

"Mume wangu ndo anachagua nguo ninazovaa kila siku, tulikubaliana hivo."

"Nikiwa nimefungwa ndo wakati pekee kichwa changu kinanyamaza."

"Napenda kupigwa. Mpenzi wangu wa zamani alikuwa ananipiga kweli, na hivyo ni vitu viwili tofauti."

"Mimi ndo ninayetoa maumivu, na naogopa labda mimi ni mtu mbaya."

Karatasi zinakunjwa, kila mtu anabaki na yake, hukusanyi. Unachouliza ni ipi ilikuwa ngumu. Mara nyingi ni ya mwisho, na hapa kaa muda mrefu, kwa sababu washauri wengi wanamhurumia anayepokea na kumshuku anayetoa bila hata kujijua. Anayeongoza anakuja kwenye kikao na hofu yake, anataka kuongelea uzito wa kubeba usalama wa mwenzake, na mshauri yuko bize kichwani anatafuta mhalifu.

Na yule aliyeandika "nimesisimka" ahakikishiwe kwamba hajafeli. Mwili wa mshauri una mambo yake. Kinachotakiwa ni kulijua hilo na kulipeleka kwa msimamizi wake wa kitaalamu kabla halijaanza kuchagua maswali kwa niaba yake.

Hatua ya 3: Waoneshe wazo kwamba kinki ni ugonjwa lilitoka wapi na likaishia wapi

Usichukue zaidi ya nusu saa. Daktari wa akili Richard von Krafft-Ebing alichapisha kitabu chake cha maradhi ya kingono mwaka 1886, na ndiye aliyeyaingiza maneno sadizimu (kusisimkwa na kutoa maumivu) na masokizimu (kusisimkwa na kuyapokea) kwenye tiba, akiyatoa kwenye majina ya waandishi wawili, Marquis de Sade na Leopold von Sacher-Masoch. Yaani uchunguzi wa kitabibu uliozaliwa kwa kusoma riwaya, hapo watu huwa wanacheka na wacheke tu.

Kisha ruka hadi juzi. DSM-5, mwongozo wa magonjwa ya akili wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, mwaka 2013, ilitenganisha mvuto usio wa kawaida na ugonjwa: mvuto peke yake sio ugonjwa, mpaka uambatane na mateso au kushindwa kuendesha maisha, au madhara kwa mtu asiyeridhia. Na mateso yenyewe yasiwe yale ya kuogopa tu jamii itasemaje. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, ikaenda mbele zaidi, feitishi na sadomasokizimu ya hiari zikatolewa kwenye orodha kabisa, ikabaki ile sadizimu ya kumlazimisha asiyetaka. Denmark walikuwa wameshaiondoa sadomasokizimu kwenye orodha yao tangu 1995.

Anayeandika leo kwenye faili la mteja kwamba ana ugonjwa kwa sababu tu anapenda kufungwa, amepitwa na vitabu vyake mwenyewe.

Hatua ya 4: Namba chache, za kweli

Nazitumia nne tu. Australia kwenye uchunguzi wa watu zaidi ya elfu 19, asilimia 1.8 ya waliokuwa na maisha ya kimapenzi walikuwa wamefanya BDSM (kufungana, amri na utii, maumivu ya hiari) ndani ya mwaka mmoja, na hawakuwa na historia kubwa zaidi ya kulazimishwa kingono kuliko wengine. Quebec, Kanada, utafiti wa 2017 wa watu 1,040 ukakuta karibu nusu wana hamu ya angalau kitu kimoja ambacho vitabu vya zamani vingekiita upotofu. Uholanzi, 2013, wana-BDSM 902 walilinganishwa na watu wengine 434 na kwenye vipimo vingi vya tabia na ustawi walikuwa sawa au afadhali kidogo. Na Marekani mwaka huohuo wa 2013, kati ya washauri 766 asilimia 76 walishawahi kuwa na mteja wa aina hii, ila waliojiona wanaiweza kazi hiyo ni asilimia 48.

Hiyo ya mwisho iache ukutani wakati wa mapumziko. Waambie pia bila kuficha kwamba tafiti nyingi za eneo hili zinategemea watu waliojitolea wenyewe kujibu, na anayejitolea mara nyingi ni yule ambaye mambo yake yako sawa, kwahiyo zisitumike kumwambia mteja anayeumia kwamba "wenzako wako vizuri".

Hatua ya 5: Ridhaa, na kuitofautisha na unyanyasaji

Hapa weka nusu ya siku nzima, usibane.

Washauri wanapenda wapewe orodha ya vitendo, hiki sawa hiki sio sawa. Usiwape. Wateja wawili wanaweza kuwa na alama ileile kwenye mkono, mmoja aliipata Jumamosi kwa furaha na mwingine aliipata kwa sababu alichelewa kurudi nyumbani. Alama haikwambii kitu, kinachokwambia ni mazingira yake. Kwahiyo wafundishe kuuliza inakuwaje kabla ya kuuliza mnafanya nini:

- Mlikubaliana nini kabla, na nani alianza kuongea?
- Ukitaka isimame unafanyaje? Umeshawahi kuisimamisha?
- Ulipoisimamisha, kesho yake ilikuwaje ndani ya nyumba?
- Kuna kitu huruhusiwi kujadili?
- Simu, pesa, marafiki, dawa zako, vipo mikononi mwa nani, na unaweza kuvirudisha ukitaka?
- Mkimaliza mnafanya nini?

Swali la tatu ndo lenye mali. Karibu kila mtu atakwambia ana neno la usalama, lile walilokubaliana kwamba likitamkwa kila kitu kinasimama, ila anayenyanyaswa ukimuuliza ya kesho yake anaanza kuhesabu: alininunia siku mbili, akasema simpendi, akasema watiifu wa kweli hawasimamishi. Neno la usalama ambalo kulitumia kuna gharama halipo. Na hata palipo salama, mtu akizama sana anaweza asiweze kuongea, ndo maana wengi wenye uzoefu wana ishara ya mkono au kitu cha kudondosha.

Wanaoishi mpangilio wa amri na utii muda wote, sio chumbani tu, ndo wanaowachanganya washauri kuliko wote. Cha kuangalia ni mlango wa kutoka. Mtu amekabidhi maamuzi mengi, sawa, je anaweza kuyadai leo jioni akapewa? Ana mtu wa nje anayeongea naye bila ruhusa? Amekuja kwenye ushauri kwa hiari na anaweza kusema humu chochote? Kama majibu ni ndiyo, achana na hukumu yako. Kama ni hapana, hapo tunaongelea udhibiti wa kinyanyasaji, hata uvalishwe msamiati gani.

Kuna pande mbili za kosa hili na mafunzo mengi yanafundisha upande mmoja. Kosa la zamani ni kuona unyanyasaji kila mahali. Kosa jipya, la mshauri aliyesoma sana akataka kuonekana wa kisasa, ni kutouona popote, mteja anamwambia "alipitiliza" na yeye anajibu "nyie mna utaratibu wenu". Wenye kinki wananyanyaswa kama watu wengine, na akija mtu ambaye neno lake la usalama lilipuuzwa, amekuja tayari amejilaumu. "Sasa wewe ulitegemea nini" isitamkwe hata kwa macho.

Hatua ya 6: Mazoezi ya kikao

Wagawe watatu watatu: mteja, mshauri, mtazamaji. Dakika nane. Mtazamaji haandiki maneno, anaangalia uso na mikono tu. Mteja wa kubuni ninayemtumia ni mwanaume wa miaka 41, amekuja kwa kukosa usingizi baada ya kuhama mji kwa ajili ya kazi. Kikao cha tatu anasema:

"Kuna kitu sijakwambia. Nyumbani mke wangu ndo anaongoza. Kila kitu. Tulipanga hivo wenyewe, mwaka wa nane huu."

Wengi wanajibu: "Unadhani hili lilianzia utotoni?" Simamisha hapohapo. Muulize aliyeigiza mteja amejisikiaje, atakwambia nimegeuzwa mgonjwa.

Jaribu hivi: "Asante kwa kuniambia. Hilo lina uhusiano na usingizi, au ulitaka tu nilijue?"

Siku moja aliyeigiza mteja alijibu kitu ambacho hakikuwepo kwenye karatasi yangu, nikakibakiza: "Nataka tu ulijue. Nimechoka kukwambia 'tulishauriana' kila ukiniuliza nani aliamua tuhame." Darasa likanyamaza. Ndo hivo, jamaa alikuwa anatafsiri maisha yake kila kikao, na kutafsiri kunachosha.

Hilo swali moja linafanya kazi kubwa kwa sababu linamwachia mteja aamue kama kinki ndo mada au ni mazingira tu. Jack Annon mwaka 1976 alipendekeza ngazi nne za msaada kwenye masuala ya kingono, ya kwanza ikiwa ni kumpa mtu ruhusa ya kuwa alivyo, halafu taarifa kidogo, halafu mapendekezo mahususi, mwisho kabisa ndo tiba nzito. Wateja wengi wa kinki wanahitaji ya kwanza na wanaletewa ya nne.

Na msamiati? Usiukariri. Neno usilolijua muulize, "kwako wewe hilo linamaanisha nini", maana hata wao kwa wao hawalitumii sawa. Ila usimfanye mwalimu wako, asitumie kikao alicholipia kukufundisha misingi ambayo ungeisoma nyumbani. Swali ambalo jibu lake linakusaidia wewe tu, limeze.

Hatua ya 7: Yanayowaleta kweli

Wengi wamekuja na msiba, kazi, msongo, kama wateja wako wengine wote. Kinapokuwa kinki chenyewe, mara nyingi ni haya.

Aibu. Mtofautishe mtu anayesema "nimefanya kitu kibaya" na anayesema "mimi ni kitu kibaya", huyu wa pili anahitaji muda na hakuna haraka.

Kushuka baada ya tendo: siku moja au mbili baadaye mtu analia bila sababu, hana nguvu, anajiona hafai. Inawapata wanaopokea na wanaoongoza pia. Mshauri asiyelijua anaona mwanzo wa sonona na kukimbilia huko, anayelijua anauliza kwanza ilitokea lini na mlitunzanaje baadaye.

Kuachana kusikoombolezeka. Mtu amepoteza uhusiano uliobeba maisha yake na kazini anasema ana mafua.

Wanandoa wasiofanana, mmoja anataka mwingine hataki. Mshauri asigeuke dalali wa kutafuta katikati, "basi angalau mara moja kwa mwezi" ni shinikizo lililopigwa pasi. Hapana ya asiyetaka imekamilika, na huzuni ya anayetaka ni ya kweli, zote mbili zinakaa chumba kimoja na kazi yako ni kuziacha zikae.

Halafu kiwewe. Swali litakuja, "si wanakuwa hivi kwa sababu waliumizwa?" Wengine waliumizwa, wengi hawakuumizwa, na aliyeumizwa hajawa hivi lazima kwa sababu hiyo. Ukikuta vyote viwili, uliza kinamfanyia kazi gani. Kabla anakuwaje, baadaye anakuwaje, anatoka akiwa amejikuta au amejipoteza? Anayetafuta maumivu ili ajiadhibu, hajali nani anayatoa na hataki yasimame, huyo mfuatilie kama unavyofuatilia anayejidhuru.

Hatua ya 8: Mwili

Mshauri sio mkufunzi wa kamba, ila mawili ayajue. Kukabana koo hakuna namna iliyo salama: damu ya kwenda kwenye ubongo inaweza kukatika na mtu akazimia ndani ya sekunde chache, na mshipa wa shingo ukijeruhiwa kiharusi kinaweza kuja saa au hata siku kadhaa baadaye. Mteja akikitaja, sema hivyo kwa sauti ya kawaida bila hotuba, na kama amepata sauti ya kukwaruza, kizunguzungu au shida ya kumeza aende hospitali leo. La pili, kamba ikikandamiza neva ya mkono kiganja kinaweza kulegea kisiinuke. Hilo nalo ni la daktari, sio la kusubiri kikao kijacho.

Hatua ya 9: Faili na sheria

Faili linaweza kusomwa na mtu usiyemtegemea, hasa kesi ya talaka na malezi ya watoto ikiingia. Andika kinachohitajika kwa huduma, mfano "uhusiano wa watu wazima wenye mgawanyo wa mamlaka waliokubaliana, hakuna dalili za kulazimishwa". Vifaa, picha na simulizi za kusisimua havina kazi humo.

Sheria nayo usiifikirie iko upande wa ridhaa kila mahali. Uingereza, kwenye kesi ya R dhidi ya Brown ya mwaka 1993, majaji wa ngazi ya juu waliamua kwamba ridhaa sio utetezi kwa majeraha ya mwili yaliyotokana na sadomasokizimu, na mwaka 1997 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya haikutengua. Kwahiyo kila mshiriki aje siku ya pili akiwa ameisoma sheria ya anakofanyia kazi, pamoja na lini analazimika kuvunja usiri, na mteja aelezwe hayo kikao cha kwanza kabla hajamwaga mambo.

Hatua ya 10: Mipaka ya mshauri

Kuna ambaye imani yake haimruhusu kuikubali hii kazi. Usimbishie darasani. Mfundishe kumhamishia mteja kwa mwenzake mapema na vizuri: "kuna mtu anayelijua eneo hili kuliko mimi, nitakuunganisha naye", na sio kumshikilia miezi minne huku akimnyoosha taratibu. Kwa upande mwingine kuna mshauri ambaye mwenyewe ana kinki, na jamii hizi ni ndogo, siku moja atakutana na mteja wake kwenye mkusanyiko. Walipange mwanzoni, nani anaondoka na wanasalimianaje, kabla halijatokea.

Baada ya mafunzo panga usimamizi, kisa kimoja kwa mwezi kwa miezi sita. Fomu za "umefurahia mafunzo?" huwa sizihesabu, watu wanajaza tano kwa tano wakiwa mlangoni. Ninachofanya ni kurekodi lile igizo la dakika nane asubuhi ya siku ya kwanza na kulirudia siku ya pili jioni, kila mtu anajitazama mwenyewe, sauti ikiwa imezimwa.

Halafu toa karatasi mpya, soma sentensi zilezile nne kwa kasi ileile, waandike tena, na waambie wafungue ile waliyoikunja.